"Kovu liko sawa" si majibu: barua ya wazi kwa wasimamizi wa afya wa Kaunti ya Mombasa

Kwa Mheshimiwa Gavana, Waziri wa Afya wa Kaunti, Mkurugenzi wa Afya, na wasimamizi wa hospitali zote za umma zinazozalisha akina mama Mombasa.

Waheshimiwa,

Mama aliyejifungua kwa upasuaji akija kuuliza kama kovu lake la ndani limepona, mara nyingi huondoka na karatasi yenye maneno matatu: kovu liko sawa. Maneno hayo hayamsaidii yeye, wala mkunga atakayempokea na uchungu miaka miwili baadaye. Hayasemi lilipimwa kwa probu gani, yaani kile kifaa cha mkononi cha mashine ya ultrasaundi, msuli wa mji wa mimba penye kovu una milimita ngapi, kishimo kwenye kovu kipo au hakipo. Sisi tunaoandika ni wakunga, wapigaji picha za ultrasaundi na madaktari wa uzazi wa pande zote mbili za kivuko cha Likoni. Tunaomba picha ya kovu ipewe wakati wake, swali lake na namba zake, na namba hizo zimfuate mama popote aendako, awe anatoka Mtongwe au Mikindani.

Makovu haya yanaongezeka. Utafiti wa kitaifa wa afya, KDHS, wa mwaka 2014 ulikuta watoto 9 katika kila 100 nchini wamezaliwa kwa upasuaji. Ule wa 2022 ulikuta 17. Upasuaji mwingi kati ya huo uliokoa roho na hatuubezi. Ila mama huyo akishika mimba tena, mimba hiyo inahitaji kuangaliwa kwa jicho jingine, na hapo ndipo mpangilio wetu unapolegea.

Mshono wa nje huwadanganya wengi. Unaweza kufunga vizuri ukabaki mstari mwembamba juu ya kinena, na wa ndani ukawa na kasoro. Ukuta wa mji wa mimba ni msuli; ukikatwa na kushonwa, kingo hushikana kwa nyuzi za kovu. Pale kingo ziliposhindwa kukutana sawasawa kwa upande wa ndani hubaki mbonyeo. Kwenye skrini huonekana kama pembetatu ndogo nyeusi, ncha yake ikielekea kwenye kibofu cha mkojo. Ndicho tunachokiita kishimo. Makubaliano ya wataalamu yaliyochapishwa mwaka 2019 yanakihesabu kuwa kishimo kikifika kina cha milimita 2.

Wanawake wengi wenye kishimo hawana shida yoyote, na jambo hili lisemwe kwa sauti kubwa kabla mtu hajaagiza kila mama apigwe picha. Mapitio ya tafiti ya mwaka 2014 yalionyesha kwamba kwa probu ya ndani peke yake vishimo hupatikana kwa asilimia 24 hadi 70 ya waliopasuliwa, na ukitiwa maji ndani ya mji wa mimba wakati wa kupima, asilimia 56 hadi 84. Tukimpima kila mtu bila sababu tutawajaza hofu wanawake wazima na kuwafungulia mlango wa upasuaji wasiouhitaji. Tunaomba wapimwe wenye sababu.

Sababu ya kwanza ni matone. Damu ya hedhi hujikusanya kwenye kishimo na kutoka kidogo kidogo, ya rangi ya kahawia, siku kadhaa baada ya hedhi kwisha. Hapa kwetu jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu mama hajui kama ametwaharika: aswali au angoje, afunge au ale. Wengi hulipeleka swali kwa ustadhi kwanza, naye hutoa hukumu ya hedhi na istihadha, yaani damu isiyo ya hedhi, kama inavyompasa. Kisha mama hubaki na matone yake. Akija kliniki huandikiwa antibayotiki, yakirudi huandikiwa nyingine, na katika safari zote hizo hakuna aliyemuuliza, "Mtoto wako wa mwisho ulimzaa kwa njia gani?" Swali la pili liwe kama anatumia sindano au kipandikizi cha kupanga uzazi, maana navyo huleta matone, na itakuwa kosa kulilaumu kovu bure.

Sababu nyingine ni maumivu makali ya hedhi yaliyoanza baada ya upasuaji, kuchelewa kushika mimba, kidonda kilichooza, mkato uliochanika zaidi wakati wa kumtoa mtoto, mkato wa kusimama kwenye mwili wa mji wa mimba, na upasuaji wa pili au zaidi.

Sasa wakati wa kupima. Mama wa Pwani akimaliza arobaini hurudi kliniki, na hapo ndipo wengi huomba picha ya kovu. Ni mapema mno. Wiki ya 6 mshono bado umevimba, nyuzi zake zinaonekana, na damu iliyovia pembeni inaweza kusomwa kama kasoro. Kupima kwa maana kuanzie miezi mitatu. Na miezi mitatu haihitaji safari mpya: mtoto huletwa chanjo wiki ya 14. Muuguzi wa chanjo amuulize mama wakati huohuo kama ana matone au maumivu, kisha amuulize tena mtoto akija chanjo ya surua miezi 9, kwa kuwa wanaonyonyesha wengi hedhi yao haijarudi wiki ya 14. Maswali haya hayachukui dakika mbili wala hayahitaji mashine.

Kwa wale watakaopimwa, tunaeleza kwa kirefu inavyofanyika, kwa sababu makosa mengi hutokea hapa.

Probu iwe ya ndani, inayoingia ukeni, ya masafa ya megahezi 5 hadi 9. Probu ya tumboni haitoshi kuona kishimo cha milimita 3 nyuma ya kibofu kwa mama mwenye tumbo lililonenepa. Tunasikitika kusema kwamba mashine hununuliwa au hupokewa kama msaada ikiwa na probu ya tumboni peke yake, kisha huhesabiwa kwamba kituo kina ultrasaundi. Kwa kazi hii hakina.

Mama aende haja ndogo lakini asikikaushe kibofu kabisa. Mkojo kidogo huonyesha mpaka kati ya kibofu na mji wa mimba. Aelezwe kitakachofanyika kabla hajavua nguo, awe na shuka, mlango ufungwe, na kama anataka mhudumu wa kike apewe. Akitaka kuiingiza probu mwenyewe aruhusiwe. Mama akikazana kwa aibu au maumivu, picha huharibika, kwa hiyo stara ni sehemu ya kipimo.

Mpigaji picha atafute mstari wa katikati: mlango wa kizazi, njia yake na utando wa ndani vionekane kwa pamoja katika picha moja ya urefu. Akuze picha mpaka sehemu ya chini ya mji wa mimba ijaze skrini. Kisha alegeze mkono. Kusukuma probu ndiko kosa la kwanza na kubwa, kwani kishimo hubanwa kikajifunga, msuli ukaonekana mnene kuliko ulivyo. Asukume kidogo, aachie, aangalie umbo linavyobadilika, ndipo asimamishe picha.

Hapo apime kina cha kishimo na urefu wake katika picha ileile. Apime unene wa msuli uliobaki, yaani kutoka kwenye ncha ya kishimo hadi ukingo wa nje unaotazama kibofu, kwa mstari wa pembe mraba na ukingo huo. Apime pia unene wa msuli wa jirani, ule mzima ulio karibu na kishimo. Utando wa ndani usihesabiwe. Kisha aizungushe probu apime upana, na aende kulia na kushoto, maana sehemu nyembamba kuliko zote huenda isiwe katikati; kama kuna tawi linalochomoza pembeni, liandikwe na lipimwe peke yake. Mwisho aandike umbali kutoka kishimo hadi kwenye mlango wa nje wa kizazi, na umbali hadi kwenye mkunjo ulio kati ya kibofu na uke. Vipimo vyote hivi, kwa mkono uliozoea, ni kazi ya dakika chache.

Tuseme mama ana kina cha milimita 6.0, msuli uliobaki 3.1 na wa jirani 9.4. Kishimo kimekula zaidi ya nusu ya ukuta, kwa hiyo kwa kigezo cha nusu ni kikubwa. Lakini kwa kigezo cha msuli uliobaki, ambacho huita kikubwa kishimo kilichobakiza milimita 2.2 au chini yake kwa probu ya ndani, bado hakijafika. Ripoti inayosema "kishimo kikubwa" bila namba itawagawa madaktari wawili. Yenye namba itawakalisha meza moja. Namba hizo ndizo pia huamua njia ya matibabu kama mama ana shida: wataalamu wengi hawakubali kukirekebisha kwa kamera ya kupitia ukeni msuli uliobaki ukiwa chini ya milimita 3, kwa kuogopa kutoboa hadi kwenye kibofu.

Pale picha isipoeleweka, maji ya chumvi safi yakitiwa polepole kwa mpira mwembamba huchora kishimo waziwazi. Mililita 5 hadi 10 kwa kawaida hutosha. Kipimo hiki cha maji kisifanywe kama mama ana mimba au dalili za maambukizo. Viko pia vitu vinavyofanana na kishimo na sicho: kifuko cha ute kwenye mlango wa kizazi, ambacho ni cha mviringo na hakijaungana na njia ya ndani, na mshipa wa damu, ambao dopla, yaani sehemu ya mashine inayoonyesha damu inavyotembea, huufichua mara moja.

Na probu isafishwe. Kondomu juu ya probu haitoshi, kwa sababu hupasuka bila mtu kuona. Baada ya kila mama jeli ipanguswe, kisha probu iwekwe kwenye dawa ya kuua vijidudu ya kiwango cha juu kwa dakika zilizoandikwa kwenye chupa, hata kama foleni imefika uani. Kituo chenye wagonjwa wengi kikiwa na probu moja kitashawishika kupunguza dakika hizo. Zinunuliwe probu mbili.

Yote hayo ni kwa mama asiye na mimba. Hatari kubwa zaidi iko kwa aliyeshika mimba tena, na kwa hili tunaomba mtusikilize kuliko mengine yote.

Mara chache mimba hujipandikiza ndani ya kovu lenyewe. Hukadiriwa kuwa mimba 1 kati ya takriban 2,000. Wiki ya 6 au ya 7, kuhesabu kutoka siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, huonekana kwa urahisi: sehemu ya juu ya mji wa mimba ni tupu, njia ya mlango wa kizazi ni tupu, na kifuko cha mimba kimekaa mbele, chini, karibu na kibofu, kikitenganishwa nacho na msuli mwembamba sana au bila msuli kabisa. Njia rahisi ya kushuku ni kuugawa mji wa mimba nusu kwa nusu kwa urefu wake: kifuko kikiwa nusu ya chini, upande wa mlango, mama huyo apelekwe kwa mtaalamu siku hiyohiyo.

Dirisha hili hufungwa. Wiki ya 9 au ya 10 ikipita, kifuko hukua kuelekea juu, kikajaza mji wa mimba, na picha ikaonekana ya kawaida kabisa, ilhali mizizi ya kondo imebaki kwenye kovu. Wengi wa mama zetu huanza kliniki mimba ikiwa na miezi minne au mitano. Wakati huo tumeshachelewa.

Kosa linaloua ni hili: mama ana wiki 7, anatokwa na damu, picha inaonyesha kifuko kiko chini, inaandikwa kwamba mimba inatoka, na anapelekwa kusafishwa. Ikiwa ni mimba ya kovu, kuikwangua au kuivuta hufungua mishipa kwenye ukuta usio na msuli wa kujikaza, na damu haisimami. Kabla ya kumsafisha mama yeyote mwenye kovu, probu ibonyezwe taratibu. Kifuko cha mimba inayotoka huteleza ndani ya njia. Cha mimba ya kovu hakisogei, na dopla huonyesha damu nyingi ikikizunguka. Tunaomba iwe amri ya kaunti: hakuna kusafishwa kwa mama aliyewahi kupasuliwa bila picha inayosema kifuko kiko wapi, isipokuwa pale damu inapomwagika na hakuna nafasi ya kungoja, hapo aingie chumba cha upasuaji chenye daktari anayeweza kufungua tumbo.

Kondo likikaa chini kwa mbele katika mimba ya miezi mitano na kuendelea, tahadhari ni ileile. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kuwa kondo likifunika njia kwa mama aliyewahi kupasuliwa mara 1, uwezekano wa kushikamana na ukuta ni asilimia 11. Mara 2, asilimia 40. Mara 3, asilimia 61. Mama wa namna hiyo apangiwe mapema hospitali kuu yenye damu ya kutosha na wapasuaji wakongwe. Asikutwe Likoni usiku, na kivuko kati yake na damu.

Mwisho wa mimba swali hubadilika: je, ajaribu kuzaa kwa njia ya kawaida? Kati ya wiki ya 36 na ya 38 sehemu ya chini ya mji wa mimba inaweza kupimwa unene, kibofu kikiwa na mkojo wa wastani, uchungu haujaanza, kwa vipimo vitatu, na kilicho kidogo kuliko vyote ndicho kiandikwe. Kibofu kilichojaa kupita kiasi hukandamiza ukuta na kumnyima mama nafasi yake. Lazima iandikwe pia kama ni unene wote pamoja na ukuta wa kibofu au ni msuli peke yake. Vipimo hivi viwili hutofautiana, na kuvichanganya ni kosa linaloonekana mara kwa mara kwenye ripoti.

Lakini namba hii isiwe hakimu. Utafiti wa Ufaransa wa mwaka 1996 uliwafuata wanawake 642. Waliokuwa na zaidi ya milimita 4.5, hakuna hata mmoja aliyekutwa na kovu lililoachia. Waliokuwa na 2.5 au chini, asilimia 16 walikutwa nalo. Yaani hata kwenye kundi la wembamba kabisa, 84 katika kila 100 kovu lao lilishika. Unene mzuri hutuliza moyo. Wembamba hutaka mazungumzo na uangalizi zaidi. Hakuna kiwango kimoja ambacho dunia nzima imekikubali, kwa hiyo tunapinga mama kuandikiwa upasuaji wa pili kwa sababu ya milimita peke yake, kama tunavyopinga aliye na milimita 5 kuachwa azae kwenye kituo kisicho na chumba cha upasuaji. Kwa mwenye kovu moja la chini lililokatwa kwa ulalo, kupasuka katika uchungu hutokea kwa takriban 1 kati ya 200, na kunapotokea muda unaobaki ni wa dakika.

Kuna jambo linaloanzia kwenye kisu chenyewe. Mama akipasuliwa baada ya uchungu mrefu, njia ikiwa imefunguka sana, mlango wa kizazi huwa umepanda na kuwa sehemu ya ukuta. Mpasuaji akikata chini hukata mlango, penye tezi za ute, na kovu la hapo hupona vibaya. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2019 uliwagawa wanawake kwa bahati nasibu: waliokatwa sentimita 2 juu ya mkunjo wa kibofu, yaani pale utando unapokunjika kati ya kibofu na mji wa mimba, 7 katika 100 walipata kishimo kikubwa, waliokatwa sentimita 2 chini yake, 41 katika 100. Kukata juu kidogo hakugharimu hata shilingi. Kuhusu kushona tabaka moja au mawili, utafiti wa CORONIS ulioshirikisha Kenya na nchi nyingine 6 haukuona tofauti kubwa kwa mama, kwa hiyo tusigombane hapo huku pa kukatia pakisahauliwa.

Tunachoomba kiingie kwenye bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Julai ni kidogo. Probu za ndani mbili kwa kila hospitali ya kaunti yenye chumba cha upasuaji, pamoja na dawa ya kuzisafisha na kifaa cha kulinda umeme. Mafunzo ya vitendo kwa wapigaji picha, ambapo kila mmoja hupima makovu chini ya uangalizi na vipimo vyake kulinganishwa na vya mwenzake mpaka vikaribiane. Picha ya wiki ya 6 au 7 bila malipo kwa kila mwenye kovu, na tangazo lake litolewe misikitini, makanisani na kwenye vikundi vya akina mama, kwa lugha nyepesi: ukikosa siku zako na uliwahi kupasuliwa, usingoje miezi minne.

Na stika moja, ibandikwe kwenye ukurasa wa mimba zilizotangulia katika kijitabu cha mama na mtoto, ijazwe kabla mama hajaruhusiwa kwenda nyumbani: tarehe ya upasuaji, sababu yake, njia ilikuwa imefunguka sentimita ngapi, mkato ulikuwa wa ulalo au wa kusimama, juu au chini ya mkunjo wa kibofu, ulichanika zaidi au la, tabaka ngapi zilishonwa, kuna maambukizo au hakuna. Chini yake ziachwe nafasi nne tupu za picha itakayofuata: kina, msuli uliobaki, msuli wa jirani, probu iliyotumika. Mchoro wake tumeshauandaa kwa Kiswahili na Kiingereza, na tuko tayari kuuleta ofisini siku yoyote mtakayotuita.

Wenu katika kazi,

Wakunga, wapigaji picha na madaktari wa uzazi,
Mombasa